Ziwa Moja, Nchi Mbili: Tunavyopanga Safari ya Titicaca

Katika ukurasa huu umezoea kusoma habari za majirani zetu: Kenya, Tanzania, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Leo naomba nikuvushe bahari, nikupeleke kwa majirani wa watu wengine, yaani Peru na Bolivia, wanaokutana katika Ziwa Titicaca, juu kabisa katika milima ya Andes. Mimi na mwalimu mwenzangu wa jiografia tunajiandaa kwenda huko, panapo majaliwa, katika likizo inayoanza mwishoni mwa Agosti. Tumeweka akiba miaka minne katika chama chetu cha akiba na mikopo, na fedha za namna hiyo haziji mara mbili katika maisha ya mwalimu. Tena mwenzangu amenizidi umri kwa miaka ishirini na ushei, ana shinikizo la damu, na daktari wake ameikubali safari kwa sharti moja tu: apande taratibu. Kwa hiyo kupanga vituo vyetu, kipi kitangulie na kipi kifuate, si mchezo wa kuchora mishale kwenye ramani.

Nianze na kimo, kwa maana kimo ndicho kilichoutawala mpango wetu kuliko hata fedha. Uso wa Titicaca uko mita 3,812 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Viktoria, tunaoutazama kutoka Entebbe, uko mita 1,134 tu. Mtu aliyekulia kando ya ziwa letu akishushwa na ndege ghafla kando ya lile, huumwa kichwa, hukosa usingizi, na huhema kwa kupanda ngazi chache. Wengi hupona baada ya siku mbili tatu. Wachache huzidiwa, mapafu au ubongo ukaanza kujaa maji, na hali hiyo huua.

Wakala mmoja wa safari alitupendekezea njia ya mkato: turuke kwa ndege kutoka Lima hadi Juliaca, kwenye uwanja ulio karibu na mji wa Puno, tukalale ziwani usiku uleule. Kwenye karatasi njia hiyo iliokoa siku tatu. Mwalimu mwenzangu aliisoma ile karatasi, akavua miwani, akasema, "Hii imeandikwa na mtu ambaye hatalala huko."

Tukaupanga upya. Kutoka Lima, iliyo ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki, tutakwenda Arequipa, mji ulio kwenye mita 2,300 hivi, tukae siku tatu. Kisha tutapanda basi la saa sita hivi hadi Puno, ukingoni mwa ziwa. Barabara hiyo hupita juu ya mita 4,000 kabla ya kushuka, kwa hiyo siku mbili za kwanza za Puno hazina kazi yoyote isipokuwa kutembea polepole, kunywa maji na kulala mapema. Haraka haraka haina baraka: methali hii ulifundishwa kidato cha kwanza kama pambo la insha, lakini huko ni agizo la daktari. Wenyeji watatukaribisha kwa chai ya majani ya koka, ambayo ni halali katika nchi zote mbili na ni desturi ya kale. Nchi nyingi nyingine, hata hivyo, zimeyapiga marufuku majani hayo, na msafiri mwangalifu hukagua mifuko yake kabla ya kurudi.

Agosti na Septemba ni kiangazi huko. Anga huwa safi, njia huwa kavu, jua la mchana huchoma kwa ukali, na usiku baridi huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Makoti yetu ya Kabale yatapata mtihani wao.

Sasa tuje kwenye mpaka, mahali ambapo somo la uraia huacha kuwa la darasani. Ziwa ni moja, lakini hakuna viza ya ziwa. Idhini ya Peru haikuingizi Bolivia, wala ya Bolivia haikuingizi Peru. Hapo ndipo tulipobishana kwa wiki mbili. Tiketi ya kwenda Lima na kurudi kutoka Lima ilikuwa nafuu kuliko ile ya kuingilia Lima na kutokea La Paz. Lakini msafiri aingiaye Bolivia kisha akarudi Peru kupanda ndege huwa anaingia Peru mara ya pili. Ikiwa viza yake ni ya kuingia mara moja, ilikwisha kazi siku alipogongewa mhuri wa kutoka. Kuingia mara moja, kuingia mara nyingi: katika fomu za uhamiaji tofauti hiyo ni kisanduku kidogo cha kutia alama, lakini kwa mwenye pasipoti kama yangu kisanduku hicho huamua kama atalala hotelini au kwenye benchi la mpakani. Tumechagua tiketi ya ghali. Tutaingilia Lima, tutatokea La Paz, tusirudi nyuma. Uamuzi huo umetusaidia hata kwa afya, kwa kuwa uwanja wa ndege wa La Paz, ulioko El Alto kwenye mita 4,000 na zaidi, utakuwa kituo cha mwisho, wakati miili imekwisha kuzoea.

Wenyeji hawana taabu hiyo. Peru, Bolivia, Ekwado na Kolombia ni wanachama wa Jumuiya ya Andes, na raia wao huvuka kwa kitambulisho cha taifa, kama sisi Waganda tunavyovuka kwenda Kenya na Rwanda. Jumuiya yao ilizaliwa kwa mkataba wa 1969, miaka miwili tu baada ya ule uliotiwa saini hapa Kampala kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chile ilijitoa katika ile ya Andes mwaka 1976, lakini waliobaki waliendelea. Yetu ilivunjika 1977, na kizazi kizima kilipita kabla ya mkataba mpya wa 1999. Lakini tuna jambo moja la kujivunia: tangu 2014, mgeni atokaye Peru anaweza kutembelea Uganda, Kenya na Rwanda kwa viza moja ya utalii. Mimi nikienda kwake siupati upendeleo huo, hata kwa nchi mbili.

Ukitaka kuona jinsi mpaka unavyoweza kuwa mkaidi, fungua ramani utafute mji wa Copacabana. (Usiuchanganye na ufuko wa Rio de Janeiro, ambao uliazima jina hilo kutoka kwa mji huu.) Copacabana uko Bolivia, kwenye rasi, lakini kwa nchi kavu rasi hiyo imeungana na Peru. Mtu wa La Paz anayetaka kufika mjini humo bila kukanyaga nchi ya kigeni hana budi kuvuka maji. Sisi tutakaotoka Puno tutashuka kwenye basi mpakani Kasani, tugongewe mhuri wa kutoka, tutembee kwa miguu hadi upande wa pili, tugongewe mhuri wa kuingia, kisha tupande basi tena. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitakuwa mkononi, si ndani ya begi. Na saa itabidi irekebishwe, maana Peru iko saa moja nyuma ya Bolivia. Inapotimia saa kumi na moja jioni upande mmoja, upande wa pili ni saa kumi na mbili, na ofisi za mpaka huo hazikeshi. Ndiyo sababu tumeandika kwa wino mwekundu: basi la asubuhi.

Jambo la ajabu ni kwamba maji yenyewe yana sheria ya upole kuliko nchi kavu. Katika mapatano yao ya 1957, Peru na Bolivia zilikubaliana kwamba zinayamiliki maji ya Titicaca kwa pamoja, umiliki usiogawanyika. Mstari wa mpaka upo ziwani, lakini hakuna nchi inayoweza kusema maji ya upande huu ni yangu, nitayafanya nitakavyo. Katika miaka ya 1990 ziliunda mamlaka ya pamoja ya kulisimamia ziwa hilo, pamoja na Mto Desaguadero unaotoka humo kuelekea kusini. Linganisha na Viktoria. Letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, zaidi ya mara nane ya lile, na mistari iliyochorwa na wakoloni imeligawa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Sisi nasi tuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao yake Kisumu, lakini mvuvi wa kwetu anayefuata sangara kupita mstari asiouona bado hukamatwa. Sisemi wenzetu wamefaulu kwa kila kitu. Ghuba ya Puno imechafuliwa na maji taka ya mji, na Ziwa Poopó, lililokuwa likipokea maji ya Desaguadero, lilitangazwa kuwa limekauka mwaka 2015. Mkataba mzuri haupandi mvua wala haujengi mitambo ya maji taka. Hata hivyo wazo la maji yasiyogawanyika nimelipenda, na ningetamani walimu wa uraia walitaje darasani walau mara moja kwa mwaka.

Kwa ajili ya wazo hilo nilikataa pendekezo la kubaki Peru peke yake ili kuokoa gharama ya viza ya pili. Anayelitazama Ziwa Viktoria kutoka Entebbe peke yake hajajua kwamba huko Mwanza watu hulivulia kwa lugha nyingine, hulila kwa mapishi mengine na huliona jua likichwa juu yake badala ya kuchomoza. Wewe unayejifunza Kiswahili unalielewa hili vizuri: ulikianza kwenye kitabu, lakini ulikisikia kikiwa hai siku ulipofika Busia au Mutukula.

Huko kuna lugha tatu za kuzijali. Kihispania huwakutanisha wote, ingawa kilifika kwa upanga. Kiaimara husemwa na watu wa Uros na upande mkubwa wa Bolivia, nacho Kikechua husemwa katika visiwa vya Taquile na Amantaní. Katiba ya Bolivia ya 2009 imezipa hadhi rasmi lugha 36 za wenyeji, sawa na Kihispania. Tumeazimia kujifunza walau salamu na shukrani katika kila moja ya hizo tatu. Mgeni asiyejua kusalimu, hata akilipa, bado ni mgeni wa mlangoni.

Kituo cha Uros kilitutia shaka. Watu wake huishi juu ya visiwa vinavyoelea, vilivyofumwa kwa matete yaitwayo totora. Tabaka za chini huoza, na mapya hutandazwa juu mara kwa mara. Waongozaji husimulia kwamba familia zikigombana, kisiwa hukatwa kwa msumeno na kila upande ukaelea kwenda zake. Watalii wengi hukaa hapo saa mbili, hupiga picha, hununua kitambaa, huondoka. Sioni ubaya wa kununua kitambaa, lakini saa mbili za kumkodolea mtu macho nyumbani kwake si ziara. Usiku tuliotaka kuulipia hoteli ya Puno tumeuhamishia Taquile, ambako wanaume hufuma kofia zao wenyewe tangu utotoni, na ufumaji huo UNESCO iliutambua mwaka 2005. Familia za kisiwani zilijiwekea utaratibu wa kupokea wageni kwa zamu ili kipato kisiishie kwa mmoja. Baadaye mashirika ya mjini yalichukua sehemu kubwa ya biashara hiyo. Tutapanda boti inayoendeshwa na wanakisiwa wenyewe, na zile ngazi za mawe zaidi ya 500 kutoka gatini Mwalimu atazipanda kwa mwendo wake, hata zikichukua asubuhi nzima.

Kutoka Copacabana mashua zitatupeleka Kisiwa cha Jua, kisicho na magari. Hapo pia kuna somo. Kuanzia 2017, ugomvi kati ya jamii mbili za kisiwani juu ya ujenzi wa nyumba za wageni ulisababisha upande wa kaskazini kufungwa kwa watalii kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo hatukulipia chochote huko mapema. Tutauliza Copacabana ni njia ipi iliyo wazi, na ikiwa wenyewe wamesema pasipitwe, hatupiti.

Mwishoni mwa daftari la safari kuna siku mbili zisizo na kituo. Januari 2023, maandamano dhidi ya serikali ya Rais Dina Boluarte yalifunga barabara za Puno kwa wiki nyingi, na tarehe 9 mwezi huo raia wasiopungua 17 waliuawa Juliaca kwa siku moja. Wasafiri waliokwama waliandika malalamiko juu ya mabasi. Nilipoyasoma niliona haya kwa niaba yao. Siku zetu mbili za akiba zipo ili, njia ikifungwa na wenye nchi wana neno la kusema, sisi tusiwe watu wa kuhesabu tiketi mbele ya msiba wao.

Ikiwa njia haitafungwa, Mwalimu anataka siku moja tuitumie Tiquina, katika barabara ya kwenda La Paz, mahali ziwa linapobanwa likawa jembamba. Hapo basi hupakiwa peke yake kwenye pantoni ya mbao, na abiria huvuka kwa mashua ndogo. Kando yake kuna kambi ya jeshi la majini la Bolivia, nchi iliyopoteza pwani yake yote kwa Chile katika vita vilivyoanza 1879, na ambayo hadi leo huiadhimisha Siku ya Bahari kila tarehe 23 Machi. Mwalimu, mzaliwa wa nchi isiyo na bahari kama Bolivia, anayefundisha watoto ambao mafuta yao hupitia Mombasa na Dar es Salaam, anataka kuketi kutwa akiwatazama wanamaji wasio na bahari. Mimi nataka siku zote mbili zibaki tupu. Bado hatujaafikiana.