Mama alitaka nyeupe, injini nzuri ilikuwa nyeusi

Wasomaji wangu, najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata na bado nadaiwa. Sababu ya kupotea ina magurudumu mawili na uzito wa karibu kilo 260. Nimenunua pikipiki.

Si ya boda. Ni BMW R1200RT ya mwaka wa 2012, ile ya safari ndefu yenye kioo kikubwa mbele na masanduku mawili nyuma. Nimeiwekea akiba tangu mwezi wa kwanza wa kuajiriwa. Wenzangu kazini walinunua magari, wengine ploti. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani usiku, nafungua tarakilishi, naangalia picha za pikipiki hii mpaka usingizi unanishika.

Lakini kabla ya pesa kulikuwa na mama.

Mwaka wa 2019 binamu yangu, mwana wa mama mdogo, aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki yake, saa mbili usiku. Dereva alisema hakumwona. Pikipiki ilikuwa nyeusi, jaketi nyeusi, helmeti nyeusi. Tulimzika Jumamosi. Tangu siku hiyo neno pikipiki halitajwi nyumbani bila mama kuguna. Nilipomweleza nia yangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sitakukataza, mwanangu, wewe ni mtu mzima. Lakini isiwe nyeusi. Nunua nyeupe, watu wakuone."

Nikaahidi. Ilionekana ahadi rahisi, kwa sababu polisi wa nchi nyingi hutumia pikipiki hiihii ikiwa nyeupe. Nikadhani nyeupe zitakuwa tele.

Hazikuwa tele. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na mbili tu za kuchagua, zote za injini ileile. Moja nyeupe katika yadi moja mjini, nyingine nyeusi kwa mzee mmoja mstaafu.

Nieleze kidogo kuhusu injini, maana hapo ndipo wasiwasi wangu ulipokuwa. RT ya miaka hiyo ina silinda mbili zilizolala, moja inachomoza kushoto na nyingine kulia. Ujazo ni sentimita za ujazo 1,170, nguvu farasi 110. Inapozwa kwa hewa na oili. Kuanzia toleo la 2014 ndipo RT ilipata injini inayopozwa kwa maji pia, yenye farasi 125, lakini bei yake ilinipita mbali.

Wasiwasi wa kwanza ulikuwa jam. Injini inayopozwa kwa hewa inahitaji hewa ipite, na Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni hakuna kinachopita. Hakuna rejeta yenye feni ya kukusaidia.

Wa pili ulikuwa klachi. Ni kavu, ya sahani moja kama ya gari, na imekaa kati ya injini na giaboksi. Ikiisha, fundi lazima aitenganishe pikipiki vipande viwili ili aifikie. Klachi yenyewe ni spea moja tu, lakini saa za fundi ndizo zinazokumaliza.

Wa tatu ulikuwa mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo farasi 110 za kwenye karatasi hapa ni kama 90. Huu niliufuta haraka. Farasi 90 zinanitosha, na ukiteremka kuelekea Voi zilizopotea zinarudi zenyewe.

Haya basi, twende yadi.

Ile nyeupe ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi. Nilipiga picha na karibu nimtumie mama papo hapo. Bahati nzuri nilikuwa na fundi wangu, mtu asiyependa maneno. Hakuangalia injini kwanza. Alichuchumaa akaangalia rangi.

Aliniita akanionyesha kava la kulia. Ukisimama kando, jua likipiga kwa mshazari, uso wake ulikuwa na vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Kava la kushoto lilikuwa laini. Halafu akaonyesha vichwa vya skrubu, vilikuwa na rangi nyeupe. Kiwandani kava hupakwa rangi kabla ya kufungwa, skrubu haziguswi. Kwenye ukingo wa raba palikuwa na ukungu mweupe wa dawa ya kupuliza.

Kisha akaingia chini. Pikipiki ya silinda za pembeni ikianguka, kifuniko cha silinda ndicho hugusa lami kwanza. Cha kulia kilikuwa kipya kabisa. Cha kushoto kilikuwa cha miaka yote. Nikaomba logbook. Rangi iliyoandikwa ilikuwa kijivu.

Nikamuuliza muuzaji kama iliwahi kuanguka. Akacheka, akasema wateja wanapenda nyeupe siku hizi. Kumbukumbu za matengenezo? Zilipotea wakati wa kuhama. Injini ilikuwa tayari ina moto tulipofika, kwa hivyo hatukuweza kusikia inavyoamka ikiwa baridi.

Wenzangu wa kodi mtanielewa. Nimewahi kukabidhiwa mfumo wenye kurasa za kupendeza, na nilipofungua nyuma nikakuta mtu amefuta historia yote ya mabadiliko. Hapo huogopi hitilafu unayoiona.

Jumapili tukaenda kwa mzee. Tulimpigia simu kabla na fundi akamwomba asiiwashe. Tuliikuta imeegemea stendi ya pembeni, nyeusi, imepauka juu ya tangi ambapo jua humpata mtu akiegesha kazini miaka mingi. Sanduku la kushoto lilikuwa na mkwaruzo mrefu. Mzee alinionyesha mwenyewe kabla sijauona. "Hapo ni lango langu," akasema. "Kosa ni langu, si la lango."

Akaiwasha. Ikatoa moshi wa buluu.

Moyo ulinianguka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Lakini fundi alisimama tu na saa yake. Baada ya dakika mbili hivi moshi ukaisha na haukurudi. Akanieleza: injini za silinda zilizolala, zikiegemea kushoto kwenye stendi ya pembeni kwa muda, oili kidogo hupenya hadi silinda ya kushoto. Ukiwasha, inaungua na kuisha. Ingekuwa ni moshi usiokoma, au unaorudi kila ukiongeza mafuta, hapo tungeondoka.

Tukaendelea. Tuliipandisha stendi ya kati ikiwa na moto, tukasubiri, tukatazama kidirisha cha oili: kiwango kizuri. Fundi alishika gurudumu la nyuma juu na chini akalitikisa, kutafuta kucheza kwa beringi za shafti. Halikucheza. Barabarani nilitia gia ya nne kwa mwendo mdogo nikafungua mafuta yote: klachi ikiteleza, mizunguko ya injini hupanda na mwendo unabaki. Vilipanda pamoja.

Halafu mzee akaleta faili. Kilomita 61,000, na kila kilomita 10,000 risiti ya kupima vali. Mwisho wa kila karatasi ameandika kwa kalamu ya wino alichoambiwa na fundi. Niliisoma faili ile kwa nusu saa. Sijawahi kuona kumbukumbu nzuri namna hiyo hata kazini kwetu.

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa rangi. Na rangi ndiyo niliyoahidi.

Nikauliza gharama ya kuipaka nyeupe. Mpiga rangi alinipa bei ya shilingi 60,000, akaongeza kwamba nikitaka nyeupe ya lulu ni tabaka tatu: rangi ya chini, lulu, kisha vanishi, na siku nikikwaruza kava moja nisitegemee lifanane tena na mengine. Nyeupe ya kawaida ni rahisi kurekebisha. Pia ningelazimika kubadilisha rangi kwenye logbook.

Kabla ya kulipa nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni, nikatafuta ushahidi. Mwaka wa 2004 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, kati ya 1993 na 1996. Walilinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali za majeraha na wale waliokuwa barabarani bila kuumia. Waliovaa nguo za kuakisi au za rangi inayowaka walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37. Helmeti nyeupe ikilinganishwa na nyeusi, asilimia 24. Taa ya mbele kuwashwa mchana, asilimia 27. Rangi ya pikipiki yenyewe ikitazamwa kutoka mbele? Hawakuona uhusiano wowote.

Najua Auckland si Mombasa Road. Lakini nilipofikiria niliona mantiki yake. Anayekuja mbele yako anaona taa, kioo, na kichwa chako. Tangi liko chini, kati ya magoti yako.

Nikamlipa mzee. Zile 60,000 nikanunua helmeti nyeupe, jaketi ya kuakisi ya kukaa miaka, na balbu mpya. Zilizobaki zikaenda kwa oili.

Sikumwambia mama kwa simu. Nilienda nyumbani mchana, taa ikiwaka, nikasimama mwisho wa barabara ya vumbi na kumpigia. "Toka nje, niambie unaona nini."

Akatoka. Alikaa kimya kidogo. "Naona kichwa cheupe," akasema. "Na taa."

Nilipofika langoni aliizunguka mara mbili. "Hii ni nyeusi."

Nikamweleza yote: yadi, skrubu, faili ya mzee, watu wa Auckland. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Mwishoni akaomba helmeti, akaigeuza mikononi, akapitisha kidole mahali ambapo vumbi lilikuwa limeshika.

"Basi hii uwe unaiosha," akasema. "Ikichafuka ni kama ile ya mwenzako."

Nimeiosha leo asubuhi. Makala ya hifadhidata inakuja wiki ijayo, safari hii kweli. Na kama unatafuta pikipiki iliyotumika, mwombe mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika.