Zamani ya Nani?

Mpwa wangu kanunua kiwanja, akanitumia mkataba kwenye simu niupitie. Ukurasa mmoja na nusu: muuzaji, mnunuzi, bei, saini. Nikamuuliza: muuzaji alikipataje? "Mjomba, hayo ni ya kurefusha karatasi tu."

Kurefusha! Karatasi zetu za Tanga zilianzia hapo hapo. Pembeni ya mahakama ya mwanzo, chini ya mwembe, alikaa mzee mmoja mpiga chapa: kofia ya kiua, taipureta nzito ya chuma, karatasi tatu zilizotenganishwa kwa kaboni, vidole vya buluu mpaka kwenye kucha. Harufu ya wino wa utepe wake uliisikia kabla hujamfikia. Hakugusa herufi hata moja kabla ya kuhoji. Shamba umelipataje? Marehemu aliacha watoto wangapi? Wa kike mmewahesabu? Muuzaji akisema "ni letu tangu zamani", mzee alivua miwani: "Zamani ya nani?"

Watu walinuna. Kuna waliorudi nyumbani kumleta dada aliyesahauliwa. Ndipo taipureta ilipoanza kulia: KWA KUWA muuzaji alirithi shamba hili kwa marehemu baba yake, NA KWA KUWA nduguze wameridhia na wapo hapa, NA KWA KUWA shambani mna minazi 14, miembe 3 na mkorosho mmoja ulio mpakani, HIVYO BASI. Bei ilikuja baada ya hapo, mistari miwili mitatu.

Minazi haikuhesabiwa kwa mapambo. Ardhi ilikuwa ya umma, na ardhi tupu haikuwa na bei. Mtu aliuza maendelezo yake, yaani miti, kibanda, kisima. Nakala ya shamba letu imeandikwa 1977.

Wanasheria watakuambia maelezo yale ya KWA KUWA hayamfungi mtu kama yanavyomfunga masharti yenyewe. Sawa. Lakini masharti yakiwa na utata, hakimu hurudi huko juu kutazama watu hawa walikusudia nini, na kwa mpwa wangu hakuna huko juu.

Zikaja sheria mbili za ardhi za 1999, zikaanza kutumika Mei 2001. Ardhi ikatambuliwa kuwa na thamani yenyewe, minazi ikaachwa. Zikaja steshenari na kompyuta zao. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama, nami nikatarajia maelezo yetu yatanona. Wapi! Hata wanaoyaandika hawahoji mtu. Wananakili ya mteja wa jana. Juzi jirani kaniletea mkataba wake: shamba liko Handeni, maelezo yanasema liko Kinondoni, muuzaji "alirithi kwa mumewe", na muuzaji ni mwanamume. Mashahidi wanne wametia saini.