Siku Mbaya Ndiyo Kipimo

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, bweni letu halijapata utulivu. Hata wale ambao zamani walijua mbio za baiskeli kwa sababu tu barabara imefungwa, sasa kila mmoja ana orodha yake ya waendeshaji bora duniani, na yuko tayari kuitetea mpaka usiku wa manane.

Orodha inayopendwa zaidi bwenini inaanza na Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Hoja ya wenzangu ni kwamba walijionea kwa macho. Tarehe 21 Septemba, katika mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, Tadej Pogačar wa Slovenia alitangulia kuondoka kwa dakika 2 na nusu. Kwenye mwinuko wa mawe wa Kimihurura, Evenepoel alimfikia akampita. Mimi pia nilikuwepo, na nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Hata hivyo, nikiulizwa nani bora katika mbio za hatua, Evenepoel namweka wa tano. Naomba nieleze sababu, kwa kuwa naona ubishi huu si wa baiskeli peke yake.

Mbio za hatua ni mbio za siku nyingi. Zile kuu ni tatu: Tour de France, Giro d'Italia na Vuelta a España. Kila moja ina hatua 21 ndani ya wiki tatu hivi. Saa za kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Mtu anaweza kutwaa taji bila kuongoza hatua hata moja. Lakini akiishiwa nguvu siku moja tu mlimani, anaweza kupoteza alichokijenga kwa wiki mbili. Kwa hiyo siku nzuri ya mwendeshaji hainiambii mengi. Nataka kujua siku yake mbaya ilimgharimu kiasi gani, na kesho yake alifanya nini.

Kipimo hiki nimekitoa nyumbani. Baba yangu alibeba abiria na mizigo kwa baiskeli huko Bugesera kwa miaka mingi. Sikumbuki siku hata moja aliyorudi na fedha za kutushangaza. Wapo jirani zetu waliopata faida kubwa siku moja ya soko, wakasimuliwa kijiji kizima. Baba hakusimuliwa na mtu. Ila siku za mvua, siku za homa, siku ambazo mnyororo ulikatika njiani, alirudi na chochote, hata kama ni cha unga tu. Katika miaka yangu sita ya sekondari sikuwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Ningempima kwa siku yake bora, ningemweka mwisho.

Sasa orodha yenyewe, kwa kutazama matokeo hadi mwisho wa 2025.

Wa kwanza ni Pogačar. Ameshinda Tour de France mara nne, yaani 2020, 2021, 2024 na 2025, na Giro ya 2024. Lakini kinachonivuta ni kwamba ameshiriki mbio hizi kuu mara nane na hajawahi kumaliza chini ya nafasi ya tatu. Siku yake mbaya kuliko zote ilikuwa mwaka 2023 kwenye mlima wa Col de la Loze, alipopoteza zaidi ya dakika 5 kwa mpinzani wake. Bado alimaliza Tour hiyo akiwa wa pili, na siku moja kabla ya mwisho alishinda hatua ya milima.

Wa pili ni mpinzani huyo, Jonas Vingegaard wa Denmark, bingwa wa Tour 2022 na 2023 na wa Vuelta 2025. Mwezi Aprili 2024 alianguka vibaya katika mbio za Nchi ya Basque, akavunjika mfupa wa bega na mbavu, na pafu likatoboka. Miezi mitatu baadaye alikuwa wa pili katika Tour de France.

Wa tatu ni Primož Roglič, naye wa Slovenia. Wengi watapinga, maana ameanguka mara nyingi na kuziacha mbio njiani. Ni kweli. Lakini tukumbuke Septemba 2020. Alianza hatua ya mwisho kabla ya Paris akiwa na jezi ya njano na akiba ya sekunde 57 mbele ya Pogačar. Jioni alikuwa nyuma kwa sekunde 59. Sijui siku mbaya kuliko hiyo katika mchezo huu. Haikupita miezi miwili, akashinda Vuelta. Ana Vuelta nne na Giro moja.

Wa nne ni João Almeida wa Ureno. Bado hana taji la wiki tatu, lakini mwaka 2025 alishinda mbio tatu kubwa za takriban wiki moja, za Nchi ya Basque, Romandie na Uswisi, kisha akawa wa pili katika Vuelta. Wapanda milima wakimwacha, hababaiki. Hushika mwendo wake na mara nyingi huwafikia tena kabla ya kilele.

Wa tano ni Evenepoel. Sisemi ni mdogo: ana Vuelta ya 2022 na nafasi ya tatu katika Tour ya 2024. Lakini mwaka 2023, akiitetea Vuelta yake, alipoteza dakika 27 kwa siku moja kwenye njia ya Tourmalet. Kesho yake alishinda hatua, na kwa hilo namheshimu, ila taji lilikuwa limekwisha kwenda. Mwaka 2025 aliiacha Tour de France akiwa wa tatu, akiwa kwenye mlima uleule wa Tourmalet.

Mwenzangu mmoja bwenini ananiambia kwamba kipimo changu kinawaonea wenye kipaji na kuwapendelea wavumilivu. Hoja yake ina uzito. Ikiwa ni mbio za siku moja, nakubaliana naye kabisa, na Evenepoel atakuwa juu sana. Lakini jina la mchezo tunaoubishania ni mbio za hatua. Huwezi kuchagua siku inayokupendeza ukazifuta nyingine; saa inazijumlisha zote.

Ndiyo maana nasema ubishi huu si wa baiskeli peke yake. Kuna watu wengi katika jamii zetu ambao hatuwahesabu kwa sababu hatukuwahi kuwaona wakimpita mtu. Wao nao wana jumla yao, ila hakuna anayeisoma.

Orodha yangu si ya milele. Siku Evenepoel atakapouvuka Tourmalet akiwa bado na viongozi, nitampandisha. Na nitafurahi kufanya hivyo.