Mwacha Asili?

"Mwacha asili ni mtumwa, ndugu yangu," sahibu yangu aliniambia niliporejea kutoka arusini nilikokuwa mfawidhi. Alinikumbusha kwamba zamani nilitunga mashairi; sasa nachekesha umati kwa ujira. Sikumjibu. Usiku huo nilimwaza Cilla Black.

Mwanamke huyu alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1943. Alikuwa akitunza makoti ya wateja katika klabu ya Cavern, walikotumbuiza Beatles, kabla ya meneja wao, Brian Epstein, kumchukua. Mwaka wa 1964 nyimbo zake mbili zilishika nafasi ya kwanza nchini humo. Hakuna nyingine iliyofika kilele hicho. Mwaka wa 1968 BBC ilimpa kipindi chenye jina lake. Kisha, kuanzia 1985 hadi 2003, aliendesha Blind Date katika ITV, ambamo kijana alichagua mwenzi kwa kusikia majibu yake tu, pazia likiwa kati yao.

Je, aliiacha asili? Sidhani. Lafudhi ya Liverpool haikumtoka kinywani, nayo ndiyo iliyomkurubisha na watazamaji. Wimbo ulikuwa mlango. Maongezi yakawa nyumba.

Waama, nisijifariji kupita kiasi. Cilla alihamia kwenye televisheni akiwa ameshaimba. Diwani yangu ingali daftarini, haijatimia nusu. Jumamosi nina arusi nyingine, na nitakwenda. Lakini leo, baada ya miaka miwili, nimelifungua daftari.