Kutoka Munigi mpaka ziwani: tulienda kuona namna boti zinavyotengenezwa

Wiki hii tunawaandikia juu ya boti. Wengine mtauliza: sisi watu wa Munigi, tunaoishi juu ya mawe ya volkano na kutembea na mabidoni tukitafuta maji, tuna kazi gani na boti? Jibu liko kwenye sahani zetu. Mwanzo wa mwaka 2024, vita ilipofunga barabara ya Sake, vyakula vya upande wa Minova na Kalehe vilianza kupita ziwani. Maharage, ndizi, mihogo na makala vilipanda boti. Na wengi wanaokwenda kuvichukua ni wamama, pamoja na wengine wa kikundi chetu.

Wote mnakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Boti Merdi ilitoka Minova, ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku, watu wakiitazama toka ufukweni. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278. Makumi ya watu walikufa. Miaka mitano mbele ya hapo, mwezi wa Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 hawakuonekana. Rais Tshisekedi alifika kuwafariji wenye msiba, akaagiza kila msafiri avae jile ya kuelea.

Sasa katika AVEC yetu kumeletwa pendekezo: tuunge sehemu ya akiba yetu na wafanyabiashara wanaotaka kununua boti ya fiberi, ya mwendo wa mbio, ili tuachane na boti za mbao. Wengine walisema ndiyo mara moja. Wengine walisema pesa ya ada za watoto haitupwi majini bila kuangalia. Ndiyo sababu tulichagua wamama tisa tushuke tukaone kwa macho.

Njia ya kushuka

Tuliondoka asubuhi, baridi ikiwa bado. Kwenye barabara ya Rutshuru chukudu zilikuwa zinateremka na viazi na makabeji ya Kibumba, vijana wamesimama juu yake, mguu mmoja kwenye breki ya mpira. Tuliziangalia kwa jicho lingine siku hiyo. Chukudu ni kazi ya fundi wa mbao, bila karatasi ya michoro. Anachagua mti mgumu, anapima kwa mkono na kwa jicho, na kitu kinabeba mamia ya kilo miaka na miaka. Tulipopita kwenye sanamu ya Chukudu mjini, mama mmoja alisema: "Kumbe mji huu ulimjengea fundi wa mbao sanamu, halafu tunasema mbao ni mbaya."

Chini ya miguu yetu ilikuwa lava ya Januari 2002, ile iliyopita uwanja wa ndege na katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Ya Mei 2021 ilisimama kabla ya kufika mji wenyewe. Sisi wa Munigi tunajua: moto ukishuka, ziwa nalo linakuwa njia ya kukimbilia. Hiyo nayo ni sababu ya kutaka kujua boti zetu zinaweza kubeba nini.

Kwa fundi wa mbao

Ufukweni tulimkuta Papa fundi na vijana wake wanne. Boti ilikuwa imesimama juu ya magogo, bado mifupa. Kwanza wanalaza uti wa mgongo, gogo refu nene linalopita toka mbele mpaka nyuma. Kisha wanapanga mbavu kila upande, na juu ya mbavu wanapigilia mbao moja moja toka chini kwenda juu. Kati ya mbao na mbao wanasukuma pamba kwa patasi na nyundo, halafu wanapaka lami ya moto.

Tulimuuliza anapima wapi. Akacheka. "Mama, mbavu ya kwanza ndiyo karatasi yangu. Nyingine zote zinaifuata."

Alituonyesha mbali kidogo boti za wavuvi wa sambaza, zile za mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Sambaza hakuwa samaki wa Kivu. Aliletwa toka Tanganyika mwaka 1959. Lakini ile mitumbwi mitatu haipinduki ovyo, kwa sababu imekaa kwa upana, kama mama anayetandaza miguu anapotwanga sombe. Papa fundi alisema boti nyembamba yenye kupanda juu ni kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja na gunia kichwani.

Ubaya wa mbao aliutaja mwenyewe. Katika maji matamu kama haya ya Kivu hakuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, lakini kuna kuoza. Boti isipopandishwa nchi kavu, ikakaushwa na kuzibwa upya, inakunywa maji polepole na kuwa nzito. Na motere ikiongezwa nguvu, mbao zinatikiswa, misumari inalegea. Mbao haipendi mbio sana.

Kwa fundi wa fiberi

Karakana ya pili ilikuwa na harufu kali kama ya rangi ya kucha, kali mara mia. Hapo walikuwa wanatengeneza upya kanoti ya mbio, zile zinazokwenda Bukavu kwa saa mbili au tatu.

Tuwaeleze kama tulivyoelewa. Nyumba nyingi za kwetu vijijini ni miti na udongo. Miti peke yake haizuii upepo, udongo peke yake unabomoka. Vikiunganishwa vinakuwa ukuta. Fiberi ni hivyo hivyo: nyuzi za kioo zilizofumwa kama kitambaa, na rezini, maji mazito kama asali. Nyuzi zinazuia kuvutwa, rezini inashika umbo.

Wanaanza na kalibu, kama ya mkate lakini kubwa kama boti yenyewe. Wanapaka nta ili isigande, wanapaka rangi ya nje, kisha wanalaza kitambaa na kukilowesha kwa rezini, wanakandamiza kwa roli mpaka mapovu yote ya hewa yatoke, na kitambaa kingine juu yake. Povu likibaki ndani, hapo ndipo patapasuka siku moja. Rezini haigandi mpaka itiwe kichocheo, gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja. Ukizidisha inachemka yenyewe na kupasuka. Ukipunguza inabaki laini kama uji. Asubuhi za Goma zenye baridi inachelewa kuganda, kwa hiyo wanangoja jua lipande, na siku ya mvua hawafanyi.

Mama mmoja aliuliza juu ya nguo, na jibu linawahusu wenye waume au watoto katika kazi hii. Vumbi la nyuzi za kioo linawasha ngozi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto mchanga. Ile harufu inaleta maumivu ya kichwa na inawaka moto upesi: mwenye mimba asikae humo, na jiko lisisogezwe karibu.

Mbio hizi zilianza wapi? Huko Marekani, mchoraji wa boti aitwaye Raymond Hunt aliunda tumbo la boti lenye umbo la herufi V lenye kina, toka mbele mpaka nyuma. Tumbo bapa linapigwa na mawimbi kama ubao. Tumbo la V linayakata. Mwaka 1960 boti yake Moppie ilishinda mashindano ya baharini toka Miami mpaka Nassau, bahari ikiwa chafu. Moppie ilikuwa ya mbao. Ni baadaye ndipo ndugu zake wa fiberi, boti za Bertram, zilitoka katika umbo lile. Kwa hiyo hata huko, fundi wa mbao alitangulia, fiberi ikafuata.

Na karibu zaidi na sisi, Lamu, pwani ya Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda dau la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na kulifunika kwa kandambili zilizotupwa. Wanaliita Flipflopi. Mkuku na mataruma, yaani uti wa mgongo na mbavu kwa lugha ya pwani, vyote ni plastiki, lakini vilichongwa kwa vyombo na kwa jicho lile lile la mababu. Lilizinduliwa mwaka 2018, likasafiri mpaka Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Kitu kipya kikapita katika mikono ya zamani. Tukiona plastiki inavyojaa mitaroni Goma, hiyo ni habari ya kuwasimulia vijana wetu.

Ndoo ya maji

Tulidhani tumekwisha kupata jibu, mpaka fundi wa fiberi alipochukua ndoo ya maji. Akatupia kipande cha ubao: kikaelea. Akatupia kipande cha fiberi kilichokatwa toka kwenye boti: kikazama mpaka chini. Tulinyamaza wote.

Akatueleza. Boti ya fiberi inaelea kwa sababu ina hewa ndani, kama sufuria juu ya maji. Ikijaa maji inakwenda chini pamoja na motere yake, isipokuwa mtengenezaji alijaza povu gumu katika vyumba vilivyozibwa, chini ya sakafu na pembeni. Povu hilo ni gharama na linachukua nafasi ya mizigo, kwa hiyo kuna wanaoliacha. Ukiingia, huwezi kuliona. Lazima uulize kabla sakafu haijafungwa.

Pili, mbio. Kanoti ya V inakwenda mbio kwa sababu inainuka na kuteleza juu ya maji. Ukiijaza kupita kiasi haiinuki. Inabaki inalima maji, pua chini, inakunywa mafuta. Kisha sisi tuko mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na motere inapoteza zaidi ya sehemu moja kati ya kumi ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Na maji matamu yanabeba kidogo kuliko ya bahari: boti ile ile inakaa chini zaidi hapa kuliko Mombasa. Namba iliyoandikwa kiwandani kwa ajili ya bahari ni kubwa mno kwa Kivu.

Tatu, tulipiga hesabu wenyewe chini ya mti. Boti ya watu 80 ikibeba 120, walioongezeka ni 40. Kwa kilo 60 kila mmoja, ni kilo 2,400, sawa na magunia 24 ya maharage ya kilo mia mia, yaliyowekwa juu ambako watu wanasimama. Na boti inapokaribia bandari, wote wanainuka na kwenda upande mmoja kuwahi kushuka. Hakuna mbao wala fiberi inayovumilia hayo.

Tulivyokubaliana njiani kurudi

Tulipanda Munigi jioni, miguu inauma, tukabishana mpaka Majengo. Hatukutoka na neno moja, lakini mambo haya sisi tisa tunayaleta kwenu:

Pesa ya AVEC isitoke mpaka wauzaji wajibu kwa maandishi: povu lipo na limewekwa wapi, boti itabeba watu wangapi na kilo ngapi hapa Kivu, mstari wa mzigo utachorwa nje ambapo kila msafiri anauona, jile ni ngapi, na za watoto ni ngapi. Wakikataa hata moja, tunabaki na akiba yetu.

Katika mkataba iandikwe kwamba nahodha anaruhusiwa kukataa mzigo wa mwenye boti, hata kama mwenye boti ni sisi. Mama mmoja alisema hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu siku soko ni tamu tutakuwa wa kwanza kusema "ongeza gunia moja."

Wenye kusafiri wiki hii kwa boti za mbao wasingoje: angalieni mstari wa maji kabla ya kulipa. Maji yakiwa karibu na ukingo wakati boti bado imefungwa, shuka. Ondokeni asubuhi, kabla ya upepo wa mchana. Jile ifungwe mwilini, isikaliwe kama mto. Mtoto asifungwe mgongoni kwa kitenge chini ya jile ya mama, apate yake. Na boti ikifika, kaeni mpaka kamba ifungwe.

Papa fundi wa mbao anaomba pia vijana wawili wa Munigi waje kujifunza kwake, kwani wale wa kwake wanataka kwenda kwenye fiberi. Mwenye kijana anayependa mbao alete jina.

Kura juu ya boti itapigwa Jumamosi baada ya kukusanya michango. Kila mmoja aje na kadi yake ya akiba, na wale wamama wanaokwenda Minova waje mapema, tunataka waseme wa kwanza.