Namba kando ya mshono

Jamaa wakipita Doha hutuuliza tutawatembeza wapi, na wengi wetu tuna majibu yaliyozoeleka: Souq Waqif jioni, Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, kisha kupunga upepo kando ya bahari. Sisi ambao riziki yetu imetoka kwenye vyuma tuna jibu la ziada. Huwafikisha kwenye ncha ya bustani ya makumbusho hayo, wakaone mabamba 7 ya chuma yaliyosimamishwa wima yakielekea juu kama mnara, urefu wa mita 24. Kazi hiyo inaitwa "7". Ni ya Mmarekani Richard Serra, na ilizinduliwa Desemba 2011.

Mwenye nafasi ya nusu siku na gari la kuhimili mchanga humpeleka mgeni mbali zaidi, hadi hifadhi ya Brouq karibu na Zekreet, magharibi ya nchi. Huko Serra huyohuyo aliweka, mwaka 2014, mabamba 4 yaliyopangwa mstari mmoja jangwani, kutoka la kwanza hadi la mwisho ukiwa mwendo wa zaidi ya kilomita moja. Hakuna ukuta, hakuna duka la soda. Ni chuma, mchanga na upepo.

Mgeni huangalia rangi, ile kutu ya kahawia inayobadilika kadiri jua linavyohama. Sisi huangalia vichwa vya mabamba. Ardhi ya pale haiko sawa, ina mabonde na miinuko, na bado vichwa vyote vinne viko usawa mmoja, sambamba na vilima vya pembeni. Ndiyo maana mawili yana urefu wa mita 14.7 na mawili mita 16.7. Bamba lililo bondeni limepewa urefu zaidi ili limfikie mwenzake. Uzuri wote wa kazi ile umo katika usawa huo, na usawa huo hautoki kwenye karatasi ya msanii peke yake. Yuko mpimaji aliyesimama na darubini yake kwenye vumbi. Wako waliochimba msingi wa kuzuia ubao mkubwa namna ile usiangushwe na upepo. Yuko mwendesha kreni, na yuko aliyeshika kamba ya kuongoza mzigo ili usizunguke hewani. Joto nalo lina hesabu yake: bamba la mita 16.7 likiongezewa nyuzi 40 hurefuka kwa takriban milimita 8. Tangu 2021, sheria ya hapa inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Chuma chenyewe hakina likizo.

Serra hakuwa mgeni wa mambo haya. Baba yake alikuwa fundi mabomba kwenye kiwanda cha meli huko San Francisco, na yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye viwanda vya chuma alipokuwa kijana. Alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 85, na jina lake litabaki pale jangwani. Hatuna kinyongo na hilo, alistahili. Ila waswahili husema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Kwenye chuma methali hiyo imegeuka: wakulima ni wengi, mwenye jina ni mmoja.

Hapa tunataka kueleza jambo ambalo asiyekuwa wa fani yetu huenda halijui. Katika kazi za mabomba ya gesi na za miundo mikubwa ya chuma, kila fundi wa kuchomelea hupewa namba yake. Akimaliza mshono, namba huandikwa kando yake kwa chaki au rangi, na huingizwa kwenye daftari la mradi. Baadaye mshono hupigwa picha ya eksirei. Ikionekana tundu au ufa ndani yake, hakuna kuulizana. Daftari linafunguliwa, na mwenye namba anaitwa. Kwa hiyo si kweli kwamba hatujui nani alifanya nini. Tunajua mshono kwa mshono, hata wa saa nane za usiku. Lakini ujuzi huo unatumika kumtafuta mkosaji. Mishono yote ikiwa mizima, wapaka rangi wanakuja, namba zinafunikwa, na siku ya uzinduzi fundi hayumo hata kwenye picha.

Hili si suala la sifa tu, ni suala la ugali. Mwenzetu mmoja, mtu wa Tanga, alichomelea mabomba hapa kwa miaka 11. Alikuwa amefaulu ule mtihani mgumu wa bomba lililoinamishwa nyuzi 45 na lisiloruhusiwa kuzungushwa, fundi akilizunguka yeye mwenyewe, juu, ubavuni na chini. Vipande vya mtihani hukatwa na kukunjwa, na vikipasuka umeanguka. Vyake havikupasuka. Mkataba ulipokwisha, mwajiri alimpa barua ya mistari mitatu: jina, tarehe, na neno "mchomeleaji". Vyeti vya mtihani vilibaki kwenye makabati ya ofisi. Na hata angekuwa navyo, kanuni zinasema fundi akikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile, cheti kinakufa. Alirudi nyumbani akaanza upya, anatengeneza mageti na nondo za madirisha kwa bei ya kubembelezana. Mageti ni kazi ya heshima, hatuyadharau. Lakini nchi inayotafuta mafundi wa mabomba ya gesi inaye mmoja kando ya barabara, na haina namna ya kumjua.

Je, inawezekana kufanya vingine? Majirani zetu wa Msumbiji wametuonyesha kwamba inawezekana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu tangu 1977 hadi 1992, Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la nchi hiyo walianzisha mwaka 1995 mpango wa kukusanya silaha: mtu alete bunduki, apewe jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakazigeuza sanaa. Mwaka 2004 wanne kati yao waliunda "Mti wa Uhai", mti wenye kimo cha mtu mara mbili, shina na matawi yake yakiwa mitutu na vitako vya bunduki, na mwaka uliofuata ukaonyeshwa British Museum, London. Na ukiuliza mti ule ni wa nani, unatajiwa wote wanne: Kester, Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Maté. Mti haukupungua thamani kwa kuwa na majina manne.

Linganisha na kwetu. Pembe za Mombasa, zile za alumini juu ya barabara ya Moi, zimesimama tangu miaka ya 1950, enzi za ziara za wafalme wa Kiingereza. Kila mtalii amepiga picha chini yake. Nani kati yetu anaweza kutaja fundi mmoja aliyezikunja? Na pale Kamukunji, Nairobi, nyundo hazinyamazi tangu asubuhi, mapipa ya mafuta yanageuka majiko na masanduku ya wanafunzi, na sanduku linatoka bila hata herufi ya aliyelitengeneza.

Tuna pendekezo, nalo halihitaji fedha. Chama chetu hapa Doha kifungue daftari. Kila fundi wetu, awe wa kuchomelea, wa kreni au wa kupima, aandike kazi alizofanya, mahali, mwaka na namba yake ya mshono. Aombe nakala ya vyeti vyake angali kazini, maana siku ya kuondoka huwa ni mbio za mizigo. Nasi wahandisi, ambao sahihi zetu husomwa, tumwandikie barua inayosema jambo: unene wa chuma, njia ya kuchomelea, aina ya mtihani, mishono mingapi ilipigwa picha na mingapi ilipita. Barua ya namna hiyo inasomeka Mtwara na Lamu sawasawa na Doha.

Na tukiwapeleka wanetu kuona yale mabamba, tuwatajie Serra, kisha tuwaulize ni watu wangapi walihitajika ili vichwa vinne viwe usawa mmoja. Wataanza kuhesabu kwa vidole, na vidole havitatosha.