Chicago, ambako gemu huchezwa maktaba

Katikati ya jiji la Chicago, Marekani, Barabara ya State, kuna jengo la matofali mekundu lenye sanamu za bundi juu ya paa. Ni Maktaba ya Harold Washington. Tangu 2009, vijana wa sekondari wana ukumbi wao humo, YOUmedia, wenye vitabu, kompyuta, studio ya muziki na gemu. Hakuna kiingilio.

Kijana anaweza kucheza tu na wenzake. Lakini wapo walezi wanaokaa nao na kuwauliza maswali. Kutokana na hilo, baadhi wamerekodi vipindi vya kuchambua gemu wanazocheza.

Mzazi, kabla hujampokonya mwanao simu, kaa naye dakika 10, akueleze mchezo wake unachezwaje.